Dunia Iliyokatwa Koti

Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini Jumapili ile hata mtu mpole kuliko wote mtaani kwetu angepiga kelele. Nipeni masikio kwanza, mtanihukumu baadaye.

Mimi ni fundi cherehani. Duka ni letu wawili, mimi na shangazi yangu, dada yake marehemu baba: yeye anakata, mimi nashona. Jumapili mchana tunafunga mlango wa mbele, cherehani zinasukumwa ukutani, na ile meza kubwa ya kukatia vitambaa inakuwa meza ya mchezo. Si karata, si drafti. Ni mchezo wa kusimulia. Mimi ndiye Mwenye Meza: nabuni dunia nzima, na majoka yake, na wafalme wake, na mvua zake. Wenzangu kila mmoja ana mhusika wake ndani ya dunia hiyo, anasema mhusika anafanya nini, na jambo likiwa zito anarusha dadu yenye nyuso ishirini tujue kama kafanikiwa au kaangukia pua. Hadithi moja tunaweza kwenda nayo miezi na miezi. Shangazi, ambaye hachezi, anasema huo ni wazimu, ila ni wazimu wenye adabu, maana tunafagia tukimaliza.

Wachezaji ni watatu. Kuna Kinyozi, mwenye duka ng'ambo ya barabara, ambaye hajaridhika mpaka panga lichomolewe. Kuna Shoti, fundi umeme, aliyepewa jina hilo siku aliyoshika waya usio wake. Huyo anapenda madaraja, mitambo na kupatana bei na majini. Na kuna Nesi, mdogo wangu, tumbo moja.

Sasa, Nesi. Tangu ahamishiwe chumba cha majeruhi pale hospitali, zamu zake hazina kichwa wala miguu. Jumapili hii yupo, ijayo hayupo, nyingine anaingia mchezo ukiwa nusu, macho mekundu. Na dunia yetu ya zamani ilikuwa ya barabara moja: binti mfalme kaibiwa, mlima uko kule mwisho, twendeni. Tulipoishia Jumapili moja ndipo tulipoanzia nyingine. Nesi akikosa, mhusika wake, tabibu mmoja hodari kweli, tumfanyeje? Hatuwezi kumtupa msituni. Basi tukamlaza kwenye mkokoteni, tukasema ana homa, tukaendelea na safari. Alilala homa hiyo mpaka Kinyozi akaubatiza mkokoteni Wodi Namba Moja. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Nesi naye alicheka, mara ya kwanza.

Siku tuliyomwokoa binti mfalme hakuwepo. Alipopata habari alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Dada, mimi kwenye hadithi yenu ni mzigo. Mnanisukuma tu. Siku ya kuchagua dunia mpya nitakuja, nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Ila nikikuta barabara moja tena, kiti changu mpeni mtu mwingine. Sitanuna, nakuapia."

Aliyenuna ni mimi. Maana nyinyi hamjui: tukiondoa mchezo huu, mimi na mdogo wangu tutaonana wapi? Nikiwa macho, yeye kalala. Akiwa macho, yuko kazini. Tungebaki watu wa kukutana harusini na msibani, tukiulizana habari za kazi kama majirani.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikachukua karatasi ya kahawia, ile tunayochorea pateni, vielelezo vya kukatia nguo, nikaikunjua ikafunika meza nzima, nikachora dunia. Jamani, nilichora! Mlima wenye theluji, ngome yenye malango ya chuma, soko linaloelea juu ya maji, msitu ambao miti yake inahama. Kila jioni tukishafunga, naongeza. Na kwa ajili ya Nesi nikachora nyumba ya wageni pembeni mwa njia, yenye bomba la moshi na dirisha moja, ili siku akikosa, tabibu wake alale kitandani kwa heshima na si mkokotenini. Nilijipongeza kwa hilo. Sikuona hata kidogo kwamba barabara ilikuwa bado ileile moja, kutoka bandarini mpaka mlimani.

Jumamosi Kinyozi akaja kuchukua aproni yake, na huyo mtu macho yake hayatulii. Nikaigeuza ramani kifudifudi mezani asiione, nikamsukuma nje na aproni yake. Halafu mteja akaingia, halafu mwingine, na jioni nikaenda zangu nyumbani nimeiacha vilevile.

Hapo ndipo kosa lilipo. Dukani kwetu kuna sheria. Nimeitunga mwenyewe, nimeiandika ukutani mwenyewe kwa herufi kubwa, baada ya kuchoshwa na maswali ya Shangazi kila anapoona karatasi: KARATASI YA MEZANI NI YA KUKATA. YA KUTUNZA INATUNDIKWA. Nilimfokea nayo sheria hiyo mpaka akaishika kama sala.

Jumapili niliwahi kufika, nimebeba biskuti na chupa ya chai, moyo unanidunda kwa furaha. Nikasikia mkasi. Shangazi alikuwa ameinama mezani, pini mdomoni, kitambaa kizito cha koti kimetandazwa. Juu ya kitambaa kulikuwa na vipande vya pateni: mbele, nyuma, mkono, kola, mfuko. Na juu ya kola kulikuwa na theluji.

"Shangazi!"

"Mm?"

"Hiyo ni nini?"

Akatoa pini mdomoni bila haraka. "Koti la yule mama wa benki. Amenipigia asubuhi, analihitaji kesho. Nimekuta karatasi mezani, safi, kubwa, nikasema leo mtoto huyu kanifikiria."

"Hukugeuza upande wa pili?"

"Nigeuze ili iweje? Nilichora, nikakata. Nilipogeuza wakati wa kubana pini ndiyo nikaona mmepakapaka rangi. Nikadhani ni karatasi ya mchezo wenu uliokwisha."

Niliweka chupa ya chai chini. Nikapayuka. Nilisema maneno mengi, mengine ya kweli, mengine siyo. Nilisema kazi yangu yote imekwenda na maji. Nilisema ana roho ya jiwe. Pumzi iliponiishia, Shangazi akanyoosha mkasi, taratibu, kuelekea ukutani. KARATASI YA MEZANI NI YA KUKATA. Mwandiko wangu mimi.

Nikakaa kwenye kigoda, nikajishika kichwa. Kilichoniuma hakikuwa karatasi. Mdogo wangu alikuwa njiani, ameacha usingizi wake, anakuja kuona kama kuna dunia yenye nafasi yake, na mimi nina pateni ya koti.

Kinyozi na Shoti waliingia pamoja, wakibishana tayari.

"Leo nasema mapema," Kinyozi akaanza, "mimi nataka vita. Miaka ya kubembeleza majini imetosha."

"Wewe ukikaa kimya dakika moja tu majini wenyewe watakuletea..." Shoti akakata maneno. Alikuwa ameiona meza. "Ala! Hii ndiyo dunia?"

"Ilikuwa," nikasema.

Niliwaeleza. Kinyozi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akaenda kucheka nyuma ya pazia la kujaribia nguo kwa heshima yangu. Mimi nilichukua gundi ya karatasi, nikaanza kuchomoa pini ili nivibandike vipande virudi kama vilivyokuwa.

"Shika adabu yako," Shangazi akasema. "Hizo pini usiguse, sijamaliza kukata bitana, kitambaa cha ndani."

"Shangazi, ni dunia yangu!"

"Ni koti la watu!"

Tukaafikiana, kwa taabu: kila kitambaa kilichokwisha kukatwa, karatasi yake naruhusiwa kuchukua, na zote zirudi kabla hajafunga duka. Nikavikusanya upande wa pili wa meza. Lakini havikurudiana. Wenye kazi hii wanajua: pateni ikikatwa, kati ya kipande na kipande kuna mabaki, na mabaki Shangazi alishayatupa yote pipani pamoja na vumbi la chaki. Bandari haikuwepo tena. Miti inayohama ilikuwa imehama kabisa. Na barabara yangu, ile ndefu, nzuri, ilikuwa imekatika kila mahali. Kila kipande kilibaki na kijia chake kinachotoka ukingoni na kuishia ukingoni.

Nesi akaingia wakati nimeinama hivyo. Alikuwa bado na sare ya kazi, mkoba begani. Akasalimia wote, akambusu Shangazi, akaja akasimama nyuma yangu.

"Dada. Umenichorea nini?"

Nilitaka kudanganya. Nikakosa cha kudanganyia. "Nilikuchorea dunia, Shangazi akaikata koti."

Nilidhani atacheka au ataondoka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kile kipande kidogo kuliko vyote, mfuko, akakitazama karibu. Kulikuwa na nyumba moja juu yake, bomba la moshi, dirisha, na kijia kinachopita mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Nyumba ya wageni."

"Ya nini?"

Nikameza mate. "Ya kukuweka. Ukiwa zamu."

"Aa," akasema. "Umenihamisha kutoka wodini, umenipa chumba cha kulipia."

Kinyozi, safari hii, hakucheka. Nami nilitamani ardhi ipasuke. Nesi alikigeuza kile kipande mkononi, juu chini, chini juu, kama anavyofanya toka utotoni akiwa amechoka na anafikiri. Kisha akakiweka mezani, pembeni mwa mkono wa koti, kichwa chini. Kijia cha mfuko kikagusana na kijia cha mkono.

"Hapa kuna nini?" akauliza, kidole juu ya mkono wa koti.

"Soko linaloelea. Lakini halikuwa hapo, lilikuwa mbali kule..."

"Leo lipo hapa. Njia si zimekutana?" Akauzungusha mfuko, akausogeza mpaka ukagusa kola. "Na sasa zimekutana na mlima. Mtu akitoka mlangoni anakanyaga theluji."

Nilisikia pasi ikitoa mvuke. Kisha nikapiga meza kwa kiganja hadi vifungo vikaruka.

"Zinahama!" nikapiga kelele. "Nchi zinahama zenyewe! Dunia ilikatwa, hakuna anayejua na nani..."

"Tunamjua," Shangazi akasema, mkasi unaendelea.

"...na katikati yote ni ukungu! Huwezi kupita ukungu. Unapita pale tu njia mbili zinapokutana!"

"Subiri, subiri, subiri!" Shoti alishapanda juu ya kiti. "Kwa hiyo kila Jumapili tunapanga upya? Jumapili hii soko langu limepakana na ngome, ijayo limepakana na mlima, bei zinapanda, bei zinashuka! Barafu kutoka mlimani nawauzia watu wa ngome! Pini! Nipeni pini! Pini ni daraja, nikichoma pini hapa nchi mbili haziachani mpaka daraja livunjwe!"

"Na mimi ndiye nitakayelivunja!" Kinyozi akanyakua kipande cha mbele, chenye ngome na malango ya chuma. "Hii yangu. Nani anataka vita? Ninasogea tu. Unaamka asubuhi, unafungua dirisha, jeshi langu hili hapa!"

"Na usiyemtaka?"

"Unamgeuzia upande usio na njia!"

"Wee! Hapo umesema!"

Tulikuwa tunapiga kelele wote kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake na wote tunasikiana. Tuliuliza maswali tukiyajibu wenyewe. Anayetaka vita, avipate. Anayetaka biashara, soko hilo. Tukichoka na vyote, kipande cha nyuma, kikubwa, kitupu karibu chote, nilikitangaza kuwa nchi ambayo hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwake, na humo nitaweka chochote nitakachoota. Vifungo vikawa miji. Futi ya kupimia ikawa joka la ukunguni, kwa sababu Kinyozi asingekubali dunia bila joka.

"Sasa mtu akikosa?" Nesi akauliza.

Alikuwa ameuliza kwa sauti ya kawaida. Kinyozi alitazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa na jibu tayari, lakini nilitaka alitoe mwenyewe. Nikamsukumia ule mfuko mpaka ukamgusa vidole.

"Wewe ungetaka iweje?"

Akauchukua. Akafungua mfuko wa sare yake, ule wa kifuani wenye kalamu, akautia humo. Ukaingia sawasawa, kwa kweli, Shangazi anajua kupima mifuko.

"Nikiondoka, nyumba yangu imeondoka," akasema. "Iko ukunguni. Hailali mtu humo, mimi ndiye mwenye nyumba. Huko ninakokwenda nayo kuna watu, kuna mambo. Nikirudi, naiweka ninapotaka, na hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi." Akatutazama. "Mkiniuliza vizuri nitawaambia."

Nilimkumbatia mpaka kalamu ikanichoma. Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba nilikuwa mjinga, kwamba namtaka mezani na sitaki kumpata kwenye misiba tu. Akaniambia nimwachie, ninamkunjia sare. Lakini na yeye alikuwa anafuta macho.

"Kola ni yangu," Shangazi akasema ghafla.

Tukageuka.

"Mlima huo nimeukata mimi kwa mkono wangu. Sitarusha dadu, sitasema kwa sauti za ajabu. Ila mtu asiusogeze bila kuniomba."

Vipande vilirudi kwa Shangazi jioni hiyo, koti likakatwa hadi bitana, na kabla ya kufunga duka nilivinakili vyote kwenye karatasi mpya, na rangi zake. Nilivitundika. Mfuko pekee haukurudi. Shangazi aliutafuta, akafoka, akachora mwingine kwa macho tu, na mimi sikusema neno.

Jumapili iliyofuata Nesi alikuwa zamu. Tulipanga nchi zetu mezani, na palipopaswa kuwa na mfuko tuliacha nafasi wazi. Tulianza bila yeye, na sitawadanganya, ilikuwa tamu. Kinyozi aliiparamia nchi ya nyuma na jeshi lake lote, akidai kwamba yeye ndiye atakayerudi wa kwanza. Dadu zilimkataa. Zilimkataa mara ya kwanza, zikamkataa ya pili, na jemadari wake, ambaye Kinyozi alikuwa akijivunia tangu tuanze, akachomwa mkuki ubavuni. Shoti akajitoma kumwokoa, akambeba mgongoni, akakimbia naye mpaka mwisho wa njia. Na njia iliishia kwenye ukungu.

"Kuna nini mbele?" Shoti akauliza.

"Hakuna. Ukungu."

"Na nyuma?"

"Wanakuja."

Kinyozi alikuwa amesimama. Jasho lilimtoka, jitu zima lile. "Mwenye Meza, nimebakiza nini?"

"Pumzi. Dadu moja mbaya na kwaheri."

"Tabibu," akasema. "Tungekuwa na tabibu." Akarudia, taratibu, akiitazama ile nafasi wazi mezani. "Mungu wangu. Nesi."

Akaishika dadu. Hakutaka kuirusha. Aliipuliza, akaibadilisha mkono, akaomba maji. Hakuna aliyemharakisha.

Mlango wa nyuma ukabishwa na kufunguliwa hapohapo. Nesi, sare, mkoba begani, nywele zimetoka kwenye kibanio. Alisema wamemwachia mapema kidogo. Kinyozi akaonyesha meza tu kwa kidole.

Nesi aliinama akaisoma meza kama anavyosoma mgonjwa aliyeletwa sasa hivi. Hakuketi. Alichomoa ule mfuko kifuani, umekunjika pembe, na nikaona kwamba ameuchorachora kwa kalamu ya hospitali: madirisha yameongezeka, kuna safu ya vitanda, kuna kisima, kuna mbwa mlangoni. Akauweka mezani kwa uangalifu, ukingo kwa ukingo, pale hasa njia ilipoishia.

"Ukungu unafunguka," akasema. "Mnaona taa. Mlango uko wazi, na huyo mbwa haumi. Mleteni ndani aliyeumia, mwingine abaki nyuma afunge lango."

Kinyozi aliangua kilio cha furaha, sisemi uongo, akamwita mama, dada, malaika, yote kwa pamoja, na Shoti akawa anapiga meza kwa ngumi zote mbili. Shangazi akazima pasi, akasogea kuona.

Mimi ndiye Mwenye Meza, nilitakiwa niseme kinachofuata. Sikusema. Nilimvutia mdogo wangu kiti chake, nikamwachia aendelee.